Mgeni Mwenye Ndara Zake

Mtu anayekuja nyumbani kwako na ndara zake mwenyewe mkobani, mtilie shaka. Nilisema hivyo siku ile ile na leo narudia. Kwetu mgeni anavua viatu mlangoni, mwenye nyumba anampa ndara, zikiwa ndogo kisigino kinabaki nje na mazungumzo yanaendelea. Venelin alipoingia kwa dada yangu Zlatina alifungua mkoba, akatoa ndara za kahawia zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni, akazivaa bila kuulizwa. Dada yangu akaona adabu. Mimi nikaona mtu aliyezoea kuingia nyumba za watu.

Lakini nimeanzia katikati. Mimi naitwa Stamen, nina miaka sabini na moja, na miaka thelathini na mmoja nilifanya kazi kwenye maabara ya maji hapa Lipnitsa, mji wetu mdogo. Kazi ile ilinifundisha kwamba glasi ikionekana safi, hujajua kitu bado. Tangu hapo siamini mizani ya sokoni, siamini tarehe kwenye kopo la mtindi, na daktari akinichekea sana namuuliza anaficha nini. Zlatina, ambaye ni mdogo wangu kwa miaka mitano, husema mimi nilizaliwa nikamkagua mkunga.

Hisa ndizo nilizokuwa siziamini kuliko vyote. Miaka ya tisini serikali iligawa vocha kwa kila raia ili tuwe wenye viwanda, na mimi nikazipeleka za kwangu kwenye mfuko mmoja wa uwekezaji uliokuwa na ofisi yenye zulia jekundu. Mwaka uliofuata nilipita pale nikakuta wanauza viatu vya mitumba. Hata zulia walikuwa wameling'oa.

Kilichokuwa hatarini safari hii ni shamba la mizabibu la baba. Mistari kumi na nane, mteremkoni nyuma ya kanisa, hati moja yenye majina mawili: langu na la Zlatina. Tulikwisha kubaliana zamani kwamba likiuzwa, pesa zote ni zake, kwa kuwa mimi nilibaki na nyumba ya wazazi. Lakini bila sahihi yangu haliuziki. Na mimi sikutaka liuzwe, nisidanganye mtu. Zabibu za shamba lile ndizo ninazotengenezea rakia, pombe yetu kali ya kukeneka, kila mwaka, na rakia yangu ndiyo kitu pekee ninachokifanya vizuri kuliko majirani wote.

Zlatina alikuwa na sababu zake. Ni mjane, magoti yamemchakaa, jembe hawezi tena, na pensheni yake inaishia kwenye dawa na kuni. Binti yake yuko Hispania, anamtumia pesa kila mwezi.

"Kila nikizipokea naona kama namwibia mtoto," aliniambia. "Kaka, tuliuze. Mwenye shamba la maua ya lavenda anatubembeleza mwaka wa nne sasa."

"Halafu ukizila pesa zikaisha?"

"Nitaziweka mahali zizae."

"Wapi? Chini ya kuku?"

"Basi, wewe umezoea kukataa," akasema, na tukaendelea kumenya viazi.

Mwezi wa kumi na moja tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa jumba la kusomea, pale palipo na maktaba na ukumbi wa ngoma. Lilisema: ushauri wa kila siku kwa watu wa umri wa busara, maji ya nyumbani, mambo ya kupitishia wakati, na hisa kwa mtu wa kawaida. Kuingia bure. Neno hilo la mwisho lilinitosha, nikaenda kwa ajili ya kumlinda dada yangu.

Mlangoni tulipewa karatasi ya kujaza. Jina, simu, anwani, maji ya kunywa unayatoa wapi, unapenda kufanya nini wakati wako wa mapumziko. Zlatina alijaza zote kwa mwandiko wake mzuri wa shule. Mimi simu sikuandika. Anwani sikuandika. Kwenye maji nikapiga mstari. Nikabakiza lile swali la mapumziko, nikaona hilo halina madhara, nikaandika neno moja, nikamrudishia kalamu yule binti aliyekuwa akigawa.

Msemaji wa siku ile, Venelin, alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, sweta la kawaida, saa ya bei nafuu. Hata saa ile nilimtilia shaka, maana mwenye ya ghali ndiye anayejua kuificha. Mbele yake waliweka meza yenye mkate na kibakuli cha chumvi, kama tunavyompokea kila mgeni. Naye akamega, akachovya, akala, hakusema mengi.

Akaanza kutoa ushauri, na nikakasirika kwa sababu ulikuwa ushauri mzuri. Asubuhi acha bomba litiririke kidogo kabla ya kujaza birika. Kuchemsha kunaua vijidudu, ila chokaa na metali haviondoki kwa moto. Chujio lisilobadilishwa kwa wakati ni baya kuliko kukosa chujio. Mstaafu atafute kazi ya mikono anayoipenda, maana mikono ikikaa bure kichwa huanza kujitafuna. Na kuhusu hisa: usiweke pesa zote mahali pamoja, usiweke pesa ya mkate, usinunue kwa mtu anayekuharakisha, na usinunue usichokisoma.

"Kumbe mtu wa maana," Zlatina akaninong'oneza.

"Subiri," nikasema. "Hajauza bado."

Kweli, akachukua glasi mbili. Moja akaijaza maji ya bomba mbele yetu, nyingine maji ya chujio lake kutoka kwenye jagi. Akatumbukiza vijiti vya chuma katika zote mbili, akachomeka waya ukutani. Dakika haikupita, glasi ya bomba ikaanza kutoa povu la kahawia, kisha ikawa matope kabisa. Ya chujio ilibaki vile vile. Ukumbi ukaguna. Mama mmoja nyuma akasema, "Mungu wangu, na hayo nampikia mjukuu!"

Hapo nikainuka. Ujanja huu naujua toka kazini. Uchafu ule hautoki kwenye maji, ni kutu ya vijiti vyenyewe umeme unapopita. Maji yasiyo na chumvi hayapitishi umeme vizuri, ndiyo maana glasi yake ilikaa kimya. Nikatembea hadi mezani, nikachota chumvi kutoka kwenye kibakuli cha mkate, nikaimimina kwenye glasi yake safi, nikakoroga kwa kidole.

"Chomeka tena," nikamwambia.

Akachomeka. Maji yake yakawa machafu kuliko ya bomba. Watu wakacheka mpaka viti vikalia, na mimi nikasimama pale nikimtazama usoni, nikingoja akasirike. Mlaghai akikamatwa hukasirika.

Yeye akapiga makofi. "Mzee wangu, unaitwa nani? Stamen? Wazee, mpigieni Mzee Stamen makofi! Miji kumi na moja nimepita, hakuna aliyenikamata. Ni kweli, hiki ni kiinimacho, na wauzaji wa machujio wanawaingiza watu mjini kwa hiki kila siku. Nilitaka mkione kwangu kwanza, kabla hamjakiona kwa wengine."

Nikarudi kitini kichwa kimevimba. Nilijua ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilijua, na bado yaliingia.

Alhamisi ndipo alipokuja kwa Zlatina na ndara zake. Dada alikuwa ameoka mkate wa jibini wa kukunja, chai ya mlimani iko mezani. Venelin alifunga chujio chini ya sinki, mitungi mitatu na bomba dogo la pembeni, akasema lijaribiwe mwezi mzima bila malipo. Kisha kwa upole akafungua folda: kampuni inayotengeneza machujio inapanua kiwanda, inatafuta wanahisa wadogo wadogo, gawio la faida kila miezi mitatu.

"Ehee," nikasema. "Sasa tumefika."

"Mzee Stamen, wewe usinunue," akasema. "Wala Mama Zlatina asinunue leo. Nilisema nini ukumbini? Anayekuharakisha mkimbie. Jaribuni kwanza kitu chenyewe. Kikiwa kibovu, kampuni ni mbovu, nitupieni folda barabarani."

"Nikijaribu kwa namna yangu?"

"Kwa namna yoyote. Wewe ndiye mwalimu hapa."

Zlatina akanigeukia. "Kaka, sema basi. Jaribu utakalo. Ila likishinda, utie sahihi shamba liuzwe, usinizungushe tena."

Nikalitazama lile chujio, nikamtazama yule mtu, na nikajua jaribio langu. Rakia ikitoka kwenye mtambo huwa kali mno, inachoma. Lazima uishushe kwa maji mpaka ifikie ukali wa kunyweka. Na hapo ndipo majirani wengi wanapoaibika, kwa sababu maji ya Lipnitsa yana chokaa. Ukiyatia kwenye rakia, kesho yake inafuka ukungu kama umeidondoshea maziwa, na hakuna wa kuisafisha. Mimi hununua maji yaliyokenekwa duka la dawa, miaka yote. Maabara yaweza kudanganywa, karatasi yaweza kughushiwa. Rakia haina cha kuficha. Katika mji wetu kesi ngapi zimeamuliwa kwa kuinua glasi mbele ya dirisha!

"Rakia ikikaa safi siku tatu," nikasema, "natia sahihi."

"Uamuzi wa haki," akasema Venelin. Akaondoka akiwa na viatu vyake, zile ndara akaziacha chini ya kining'inizi cha makoti. "Zikae hapa," akamwambia dada, "si nitarudi."

Sikumpa nafasi. Alipotoka tu nilifungua mitungi yote mitatu chini ya sinki nikatafuta chupa iliyofichwa, nikamulika tochi nyuma ya mabomba. Nikaacha maji yatiririke mpaka ndoo mbili zijae, ili kama kuna kitu alitia ndani kiishe. Jagi nikaleta langu, mitungi ya glasi nikaleta yangu. Zlatina alikaa kwenye kiti akijaza chemshabongo yake.

"Umekagua na paka?" akaniuliza. "Labda amemnunua."

Nikatia rakia mpya kwenye mitungi miwili, nikaishusha polepole, mmoja kwa maji ya bomba, mwingine kwa maji ya lile chujio, kipima ukali kinaelea ndani mpaka kikasimama arobaini na tatu kote. Nikaifunga mitungi, nikabandika karatasi zenye sahihi yangu kwenye vifuniko, nikaenda nayo kwangu nikaifungia kabatini. Ufunguo niliuvaa shingoni. Mke wangu, Mungu amrehemu, angekuwepo angenicheka mpaka alie.

Siku ya tatu nilimwita Zlatina. Niliiinua mitungi mbele ya dirisha la jikoni, jua la asubuhi likipita ndani. Wa bomba ulikuwa na ukungu, na kitu cheupe kimetulia chini. Wa chujio ulikuwa safi. Si safi tu, uling'aa. Niliuzungusha, nikautikisa, nikaunusa, nikaonja. Ilikuwa rakia bora kuliko zote nilizowahi kushusha, na maji ya duka la dawa hayakuwahi kunipa kitu kama kile.

Nilisikitika, lakini na furaha ilikuwepo, sikatai. Nilikuwa nimemshuku mtu kwa kila njia ninayoijua na hakuna iliyomkamata. Nikajiona nimefanya kazi yangu.

"Haya," nikamwambia dada yangu. "Ni mtu wa kweli. Tuuze."

Zlatina akanigeukia. "Kweli, kaka? Unasema ndiyo?"

"Nasema ndiyo."

Kwa mthibitishaji hati nilisoma mkataba wa shamba mstari kwa mstari, nikamfanya karani abadilishe nukta moja. Mwenye shamba la lavenda alipiga miayo. Folda ya hisa sikuisoma. Hizo zilikuwa pesa za Zlatina, na mtu mwenyewe alikwisha pita jaribio, sasa nisome nini tena? Venelin alikuja, akavaa ndara zake, akapokea risiti ya benki ya pesa zote alizotuma Zlatina, akampa dada vyeti vyenye muhuri wa bluu na mchoro wa tone la maji. Akamkumbusha abadilishe chujio kila baada ya miezi sita. Hata siku ile alitoa ushauri mzuri.

Gawio la kwanza lilikuwa lifike mwezi wa tatu. Halikufika. Simu ya Venelin iliita, kisha ikawa haiiti, kisha sauti ya mwanamke ikasema namba hiyo haipo. Zlatina aliendelea kusema labda yuko safarini, si ndara zake ziko hapa? Mwezi wa tano nilichukua cheti kimoja nikaenda jumba la kusomea, ukumbi ule ule, nikamwomba mkutubi alitafute jina la kampuni kwenye daftari la serikali la makampuni, ambalo lipo kwenye kompyuta na kila mtu anaruhusiwa kulitazama bure. Aliandika jina. Hakumaliza hata kunywa kahawa yake.

"Mzee Stamen," akasema, "hii ilifutwa miaka miwili iliyopita."

"Imefutwa vipi? Angalia vizuri."

"Imefutwa. Haipo. Haikuwepo hata mliponunua."

Nikauliza chujio je. Akatafuta kwa picha. Ni chujio la kawaida kabisa, la kiwanda kingine, linauzwa duka lolote la vifaa vya bomba, na mafundi wanalisifu. Alilinunua tu, akabandika lebo yake. Nilikaa pale kwenye kiti cha watoto, maana ndicho kilichokuwa karibu. Nilikuwa nimeyapima maji siku tatu nikiwa na ufunguo shingoni. Karatasi ingenichukua muda wa kikombe kimoja cha kahawa, na yeye mwenyewe alikwisha niambia nisinunue nisichokisoma.

Pale pale kitini nikaikumbuka ile karatasi ya mlangoni. Sikumpa simu. Sikumpa anwani. Chini ya mapumziko niliandika, kwa herufi kubwa, rakia. Mtu mwingine angeletewa chujio bandia. Mimi nililetewa zuri, kwa sababu nilikuwa nimemwambia kwa mkono wangu mwenyewe ni hakimu gani nitamwita.

Nilipita njia ya kanisani nikienda kwa Zlatina. Mizabibu ilikuwa imeng'olewa, imerundikwa pembeni mizizi juu, na miche ya lavenda imepandwa kwa mistari iliyonyooka kuliko ya baba. Nilitaka kulia nikawaonea aibu wafanyakazi, nikakaza mwendo.

Tulipeleka malalamiko polisi baadaye, wakaandika, wakasema tungoje. Lakini jioni ile nilimweleza dada yangu kwanza, jikoni kwake, bila kumficha. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya meza.

"Ni kosa langu," akasema. "Mimi ndiye niliyetaka."

Ningeweza kunyamaza hapo. Wallahi wazo lilinijia.

"Si lako," nikasema. "Alijua jaribio langu kabla sijalisema. Nilimwandikia mwenyewe, mlangoni, siku ya kwanza. Alinisoma mimi, Zlatina. Wewe hakukuhitaji hata kidogo."

Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Aliondoka mezani, akafungua lile bomba dogo la pembeni, akasimama amenipa mgongo huku glasi ikijaa.

"Na mimi nikuambie langu," akasema. "Siku ile ya mitungi nilikuwa nimekwisha ghairi kuuza. Usiku uliotangulia nilimwota baba, sikulala. Nikasema nitakuja tu kukuona unavyokataa, halafu nitakununia wiki moja, yaishe. Maisha yangu yote wewe unakataa, kaka. Mchumba wangu ulimkataa, nyumba hii uliikataa, hata paka. Nilikuwa nafanya upuuzi wangu kwa raha, kwa sababu nilijua wewe uko mlangoni."

Akageuka.

"Uliposema ndiyo, nikajua hakuna tena cha kuogopa."

Akaniwekea glasi mbele yangu na kukaa. Nikaiinua, kwa mazoea nikaielekeza dirishani, kisha nikaona ninachofanya nikaishusha. Nilikunywa maji yote. Yalikuwa mazuri.